Makauboi Mbele ya Watazamaji wa Kampala

Filamu za kauboi ni zile zinazosimulia maisha ya upande wa magharibi wa Marekani, hasa katika miongo michache iliyofuata kumalizika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865, wakati ambapo reli, walowezi, wafugaji wakubwa na jeshi la serikali walikuwa wakiichukua ardhi ya wenyeji wa asili na kugombania mipaka yake wao kwa wao. Vitabu vingi vinavyozipima filamu hizo vimeandikwa na watu waliozitazama kwa lugha yao wenyewe, na kwa hiyo vimezoea kuzisifu kwa yale zinayosema kuhusu Marekani: ndoto zake, dhambi zake na fahari yake. Historia ya filamu hizo katika jiji la Kampala inatoa kipimo kingine. Kwa muda mrefu watazamaji wengi wa jiji hilo walikielewa nusunusu Kiingereza cha Texas kilichotoka kwenye spika, na wengine hawakukielewa kabisa, kiasi kwamba filamu ililazimika kujieleza kwa sura za watu, kwa mwendo, kwa mpangilio wa picha na kwa muziki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kipimo hicho ni cha haki, pengine cha haki kuliko kile cha wahakiki wa New York, na kwamba kikitumiwa kinaupanga upya mlolongo wa filamu zinazostahili kuitwa bora.

Filamu fupi ya The Great Train Robbery, iliyotengenezwa na Edwin S. Porter mwaka 1903 na yenye urefu wa takriban dakika 12, ndiyo ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa mwanzo wa aina hii ya sinema, kwa kuwa ndani yake tayari zimo treni inayoporwa, mbio za farasi, mapambano ya risasi na jambazi anayeielekezea kamera bastola na kufyatua. Miaka miwili kabla yake, Desemba 1901, Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu kando ya ziwa, na treni iliingia Kampala mwaka 1931. Mji uliokua pamoja na reli, ukapokea kwa njia hiyo bidhaa, wageni, askari na makarani, haukuhitaji kufafanuliwa kwa nini watu wa mji mdogo wa Arizona wanasimama stesheni wakiwa na hofu kila wanaposikia honi. Wala nchi yenye Ankole na Karamoja, ambamo ng'ombe ni mali, ni mahari na ni chanzo cha vita, haikuhitaji kuelezwa uzito wa Red River, filamu ya Howard Hawks ya mwaka 1948 inayohusu kundi kubwa la ng'ombe linaloswagwa kutoka Texas hadi sokoni. Ugeni wa filamu hizo Afrika Mashariki umekuwa ukitiwa chumvi. Mambo yake ya msingi, yaani mifugo, ardhi, reli na sheria iliyo mbali, yalikuwa mambo ya nyumbani.

Kumbi za sinema za Kampala, kama zile za Zanzibar, Dar es Salaam na Nairobi, zilijengwa na kuendeshwa zaidi na wafanyabiashara wenye asili ya India. Majina yaliyodumu katika kumbukumbu za jiji ni Odeon, Delite, Neeta na Norman, na hili la mwisho lilitokana na Norman Godinho, mfanyabiashara Mgoa aliyelijenga jengo hilo. Kumbi hizo zilionyesha filamu za Bombay kwa siku zake na filamu za Kiingereza kwa siku zake, na watazamaji wake walikaa kwa tabaka: bei ya kiti ilitenganisha watu, na hata pale ambapo sheria haikutaja rangi, mfuko ulifanya kazi hiyo. Nje ya kumbi palikuwa na sinema za magari, yaani malori ya serikali yaliyobeba projekta, jenereta na turubai jeupe, yakizunguka vijijini na mitaani kuonyesha filamu za afya, kilimo na habari za Dola ya Uingereza.

Sinema hizo za magari zilijengwa juu ya nadharia ambayo inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyokuja kukanushwa na makauboi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Wabantu, uliofadhiliwa na shirika la Carnegie na kuwekwa kituo chake Vugiri huko Tanganyika, ulitengeneza filamu kadhaa na kuzitembeza kwa lori hadi Uganda, huku maelezo ya lugha za wenyeji yakitoka kwenye sahani za santuri. Mwaka 1939 Waingereza walianzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni, ambacho mkuu wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria. Sellers aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata filamu ya kawaida: picha iende polepole, kamera isihamehame, vitu visikuzwe ghafla, na mtu akitoka upande mmoja aonekane hadi mwisho wa safari yake, la sivyo mtazamaji atapotea. Katika duru hizo ilirudiwa mara nyingi hadithi ya wanakijiji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaza turubai zima, wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Aliyeisimulia hadithi hiyo hakufikiria kwamba huenda wanakijiji walikuwa wakimtania.

Wakati maofisa wakibishana kuhusu mbu, filamu za kauboi zenye mikato ya kasi, mbio za farasi zilizopigwa kutoka pande nne na nyuso zilizojaza turubai zilikuwa zikipendwa kusini mwa Ikweta na kaskazini mwake. Katika miji ya migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, mtafiti wa Kimarekani Hortense Powdermaker aliwakuta wachimbaji wa miaka ya 1950 wakimwita kila kauboi kwa jina moja la Jack na kumshangilia kwa sauti kubwa kiasi cha kutosikika neno lolote la filamu yenyewe. Huko Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, vijana wa mitaa ya Waafrika walijiita Bill kwa kumfuata Buffalo Bill, wakavaa kama makauboi na kuunda lugha yao ya mtaani. Nchini Kenya na Tanganyika kamati za ukaguzi ziliweza kuiruhusu filamu kwa Wazungu na Waasia na kuizuia kwa Waafrika, zikihofia picha za Mzungu akipigwa, akiibiwa au akiuawa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi wake. Serikali iliyosema kwamba Mwafrika haelewi filamu ndiyo hiyo iliyoogopa kwamba ataielewa vizuri mno.

John Ford ndiye mwongozaji anayetajwa kwanza karibu katika kila orodha ya wakuu wa filamu hizi, na aliwahi kufika Uganda kikazi, kwani mwishoni mwa mwaka 1952 na mwanzoni mwa 1953 alikuwa Afrika akipiga filamu ya Mogambo, pamoja na Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, katika maeneo ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Afrika ya Kifaransa ya Ikweta. Mogambo si kazi yake kubwa, na watu wa nchi hizo hawakupewa ndani yake nafasi zaidi ya wapagazi na wapiga makasia. Ubora wa Ford uko katika Stagecoach ya mwaka 1939, ambamo watu tisa wa tabaka mbalimbali wanabanwa katika gari moja la farasi, na katika The Searchers ya mwaka 1956, ambamo John Wayne anamtafuta kwa miaka mingi mpwa wake aliyetekwa na Wakomanchi, na mtazamaji anaanza kuelewa polepole kwamba anamtafuta ili amuue. Uso wa Wayne katika filamu hiyo unasema yale ambayo maneno yake yanaficha. Hata hivyo Ford ana udhaifu ambao hauwezi kupitwa: wenyeji wa asili kwake mara nyingi ni vumbi linalotoka upeoni, hawana majina wala hoja, na mtazamaji wa nchi iliyotawaliwa alitakiwa aketi upande wa mlowezi bila kuulizwa. Stagecoach, pamoja na uhodari wake wote, haiwezi kusamehewa jambo hilo kwa sababu tu mbio zake za farasi zinasisimua. The Searchers angalau inaifanya chuki hiyo kuwa ugonjwa wa shujaa wake.

Mabishano makubwa zaidi kuhusu filamu hizi yanazihusu mbili zinazosimulia karibu kisa kimoja. High Noon ya Fred Zinnemann, iliyotoka mwaka 1952, inamwonyesha mlinzi wa sheria wa mji mdogo, ambaye ndiyo kwanza ameoa, akipata habari kwamba jambazi aliyewahi kumfunga anarudi kwa treni ya saa sita mchana. Anapita nyumba kwa nyumba, kanisani na baa, akiomba wasaidizi, na kila mtu ana udhuru. Filamu ina urefu wa dakika 85, na muda wa kisa unakaribiana na muda wa kutazama, hivi kwamba saa za ukutani zinazoonyeshwa mara kwa mara zinampimia mtazamaji dakika zake mwenyewe. Mwandishi wake, Carl Foreman, alikuwa akiandamwa wakati huo na kamati ya bunge iliyowasaka wakomunisti, na woga wa wenyeji wa mji ule ni woga wa Hollywood ulioshuhudiwa kwa karibu. Hawks na Wayne waliichukia filamu hiyo, kwa maoni kwamba mlinzi wa sheria mwenye heshima zake haombi msaada kwa raia, na mwaka 1959 wakaijibu kwa Rio Bravo, ambamo mlinzi anakataa msaada na badala yake anapewa: na mlevi, na mzee kiguru, na kijana mwimbaji.

Wahakiki wengi wa Ufaransa na Marekani wameipa ushindi Rio Bravo kwa sababu ya utani wake, urafiki wake na mazungumzo yake yanayotiririka. Kwa kipimo cha ukumbi wa Kampala, hukumu hiyo inageuka. Dakika za mwanzo za Rio Bravo ni za ajabu, kwani hazina neno: mlevi anaingia baa kwa aibu, anatamani kinywaji, mtu anamrushia sarafu ndani ya chombo cha kutemea mate, naye anainama kuichukua hadi teke la rafiki yake linakisukuma chombo mbali na mkono wake. Udhalili wote wa mtu huyo umeelezwa bila sauti. Lakini baada ya hapo filamu inakaa ndani, gerezani na hotelini, ikizungumza kwa zaidi ya saa mbili, na asiyefuata Kiingereza chake anabaki akisubiri mlango ufunguliwe. High Noon haimwachi yeyote nyuma. Mtu akibisha mlango na mke wa mwenye nyumba akatoka kusema kwamba mumewe hayupo, huku uso wake ukieleza kwamba yupo, hakuna mkalimani anayehitajika. Na mle mwanzoni, miongoni mwa majambazi wanaoisubiri treni, yumo Lee Van Cleef, mwigizaji aliyekuwa mgeni katika sinema na ambaye katika filamu nzima hakupewa hata sentensi moja ya kusema. Uso wake mwembamba na macho yake makali vilimtosha, na vingekuja kumfanya mashuhuri miaka 13 baadaye katika mikono ya Mwitaliano.

Shane ya George Stevens, ya mwaka 1953, inastahili kutajwa kwa sababu ya ardhi. Sheria ya makazi ya mwaka 1862 ilimruhusu mlowezi wa Marekani kupata ekari 160 za ardhi ya umma kwa kuikalia na kuilima miaka mitano, na Shane ni hadithi ya wakulima wadogo waliopewa haki hiyo na mfugaji mkubwa anayedai kwamba alifika kwanza, akapigana na wenyeji, akalainisha nchi, na sasa anafungiwa njia za ng'ombe wake kwa senyenge. Buganda inalijua suala la namna hiyo kwa undani wake: mkataba wa mwaka 1900 uligawa maelfu ya maili za mraba kwa kabaka, familia ya kifalme na machifu, ardhi ambayo hadi leo huitwa mailo, na watu waliokuwa wakiilima wakajikuta wapangaji juu ya makaburi ya babu zao. Ubora wa Shane ni kwamba inampa mfugaji nafasi ya kusema hoja yake, na hoja hiyo si ya kijinga. Kifo cha mkulima Torrey, anayeuawa kwenye matope mbele ya baa na muuaji wa kukodiwa aliyevaa nyeusi, kilipigwa kwa mwigizaji kuvutwa nyuma kwa waya ili risasi ionekane ina uzito. Kabla ya hapo watu wa sinema walianguka kwa adabu, wakishika kifua.

Miaka ya 1960 ilileta makauboi wa Italia, na hapo ndipo historia hii inapoinuka. Filamu hizo zilipigwa zaidi katika jangwa la Almería nchini Hispania, kwa gharama ndogo, na waigizaji kutoka nchi kadhaa ambao kila mmoja aliweza kusema lugha yake mbele ya kamera, kwa kuwa sauti zote zilitiwa baadaye studioni. Sergio Leone alianza mwaka 1964 kwa A Fistful of Dollars, aliyoijenga juu ya Yojimbo ya Mjapani Akira Kurosawa bila ruhusa, jambo lililomfikisha kwenye madai na fidia. Akafuata na For a Few Dollars More mwaka 1965, ambamo Van Cleef alipata hatimaye nafasi kubwa, na The Good, the Bad and the Ugly mwaka 1966. Kwa kuwa hakuna lugha iliyokuwa lugha halisi ya filamu hizo, Leone aliziongoza kana kwamba maneno ni nyongeza. Mwamarekani aliyezitazama alilalamika kwamba midomo haiendani na sauti. Kwa mtazamaji wa Kampala, ambaye Kiingereza cha filamu yoyote kilikuwa kelele yenye maana kiasi, kasoro hiyo haikuwepo. Alikuwa ameketi sawa na Mwitaliano, Mjerumani na Mhispania, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kauboi hakuna aliyekuwa na kiti cha mbele zaidi kwa sababu ya lugha ya mama yake.

Mwisho wa The Good, the Bad and the Ugly unatosha kuwa somo. Watu watatu wanasimama kwenye uwanja wa mviringo katikati ya makaburi, ambayo askari wa Hispania waliyajenga kwa ajili ya filamu hiyo, maelfu ya makaburi ya uongo, katika bonde la mkoa wa Burgos. Dhahabu imezikwa mle ndani na kila mmoja anajua kwamba akimlenga mmoja, yule mwingine atamlenga yeye. Kwa dakika kadhaa hakuna anayesema. Kamera inaanza mbali, watu wakiwa wadogo kama punje, kisha inasogea hatua kwa hatua, viatu, mikono, bastola, hadi macho matupu yanapojaza turubai kutoka ukingo hadi ukingo, huku tarumbeta ya Ennio Morricone ikipanda. Kila kanuni ya Sellers inavunjwa hapo: vitu vimekuzwa ghafla, picha zinakatwa kwa kasi inayoongezeka, na mtazamaji anarukishwa kutoka umbali wa mita mia hadi umbali wa kope. Filamu hiyo iliwafikia watu wale wale ambao nadharia ilisema wasingeweza kumtambua mbu.

Once Upon a Time in the West, ya mwaka 1968, inakwenda mbali zaidi, na kwa maoni yanayotolewa hapa ndiyo kilele cha aina hii ya sinema. Majambazi watatu wanaisubiri treni katika stesheni ya mbao, jambo linalowakumbusha wajuzi wa mambo majambazi wa High Noon. Gurudumu la kuvutia maji kwa upepo linalia kwa kukosa grisi. Nzi anatembea usoni mwa mmoja wao, naye anamnasa ndani ya mtutu wa bastola na kumsikiliza. Mwingine amesimama chini ya tangi la maji, tone linadondoka juu ya upara wake, anavaa kofia, matone yanakusanyika kwenye ukingo wa kofia, na mwishowe anayanywa. Huyo wa matone ni Woody Strode, Mmarekani mweusi, aliyewahi kupewa na Ford uigizaji mkuu katika Sergeant Rutledge mwaka 1960. Wanahistoria wa Marekani wanakadiria kwamba huenda robo ya makauboi halisi walikuwa weusi, na Hollywood iliwafuta karibu wote. Leone aliweka sura ya mmoja wao mbele ya turubai kubwa kwa utulivu na heshima, bila kumtaka aseme asante. Anauawa mara treni inapoondoka, lakini hakuna aliyeitazama filamu hiyo akamsahau.

Django ya Sergio Corbucci, ya mwaka 1966, ni filamu ya hadhi ndogo kuliko hizo na yenye ukatili mwingi, na haina haja ya kutetewa kupita kiasi. Shujaa wake, Franco Nero, anaingia kwa miguu, hana hata farasi, akiburuta jeneza kwenye matope ya kijiji kilichokufa. Wakaguzi wa Uingereza waliikataa mwaka 1967 na haikupewa cheti huko hadi 1993. Katika makoloni yao ya zamani ilipata maisha mengine: nchini Tanzania Django alikuwa miongoni mwa wapendwa wakubwa wa kumbi za sinema, na huko Jamaika, filamu ya The Harder They Come ya mwaka 1972 inawaonyesha vijana wa Kingston wakiwa ukumbini wakiitazama kwa kelele za furaha. Picha ya mtu maskini anayevuta mzigo ambao hakuna anayejua una nini, na ambao ndani yake mna bunduki ya rasharasha, haikuhitaji tafsiri katika bandari na miji hiyo.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda ndani ya siku 90. Pamoja na maduka, viwanda na mashamba, wenye kumbi za sinema waliondoka, na pamoja nao wakaondoka watu waliojua mtandao wa kukodi na kusafirisha mikanda kutoka Nairobi, Mombasa na Bombay, biashara ambayo haikuweza kurithiwa kwa barua ya serikali. Sholay ya Ramesh Sippy, kauboi mkuu wa India, iliyochanganya wezi wawili wa kukodiwa, inspekta aliyekatwa mikono na jambazi Gabbar Singh, na iliyochukua mengi kutoka kwa Kurosawa, The Magnificent Seven na Leone, ilitoka Agosti 1975, miaka mitatu baada ya hadhira yake ya asili kufukuzwa Kampala. Vita vya 1979, vilivyomwondoa Amin, na vile vya miaka ya 1980 vilimaliza kilichobaki. Baadhi ya majengo yaligeuzwa makanisa. Norman lilikuja kuwa kanisa la Kipentekoste la Kampala, lililoanza mwaka 1984 na ambalo sasa huitwa Watoto.

Sinema ilirudi kupitia kibanda. Katika miaka ya 1980 kaseti za video zilifanya iwezekane kuendesha ukumbi kwa televisheni moja, deki, mabenchi, kuta za mbao au mabati, nguo nzito ya kuzuia mwanga mlangoni na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Watu wa Kampala wanaviita bibanda, kama Watanzania wanavyoviita vya kwao vibanda umiza. Humo ndani alizaliwa VJ, msimulizi anayeketi na kipaza sauti kando ya mashine, anapunguza sauti ya filamu, anaeleza kwa Kiganda kinachotokea, anawapa wahusika majina ya watu wa mtaani, anawaonya stelingi, yaani shujaa wa filamu, na adui wake, kisha anairudisha sauti wakati wa risasi. Wasimulizi kama VJ Jingo na VJ Junior walipata umaarufu wa wasanii kamili, na kazi zao zikauzwa kwenye kaseti, kisha kwenye diski. Desturi hiyo ilienea: Dar es Salaam ilimpata Lufufu, na Kenya ikampata DJ Afro. Japani nayo, zama za filamu bubu, ilikuwa na wasimulizi wa aina hiyo walioitwa benshi, ambao baadhi ya watazamaji waliwafuata kuliko walivyowafuata waigizaji.

VJ alibadilisha kipimo kilichoelezwa hapa bila kukifuta. Filamu inayozungumza mfululizo inamnyima nafasi, kwani akitafsiri kila sentensi anakuwa mkalimani tu, na akiacha kutafsiri mtazamaji anadai haki yake. Filamu yenye kimya kirefu inamwachia uwanja: macho ya Van Cleef yanapokaa juu ya turubai kwa sekunde ishirini, msimulizi anaweza kuyapa mawazo, deni, mke, ugomvi wa shamba na hofu ya kufa. Kwa hiyo kile kile kilichowafaa watazamaji wa Odeon wasiojua Kiingereza, yaani uso unaobeba kisa, kiliwafaa pia wajukuu wao waliopewa Kiganda. Ni kweli kwamba bibanda vilipoenea, kauboi mwenyewe alikuwa ameshaanza kudhoofika duniani. Hasara kubwa ya filamu ya kauboi ya Heaven's Gate mwaka 1980 iliwatisha wenye fedha, na vibanda vilijaa zaidi kung fu, makomando na filamu za Kihindi. Lakini wengi wa makomando hao ni makauboi waliobadilisha nguo. Chuck Norris katika Lone Wolf McQuade, ya mwaka 1983, ni askari wa Texas mwenye kofia, vumbi na muziki uliotengenezwa kwa kufuata njia ya Morricone, na mtu aliyeipenda hakuwa mbali na Leone hata kama hakuwahi kusikia jina lake. Clint Eastwood, nyota wa filamu za mwanzo za kauboi za Leone, alipoifunga hesabu hiyo kwa Unforgiven mwaka 1992, filamu ya muuaji mzee anayeanguka kutoka kwenye farasi na kuona aibu ya kazi yake, aliitoa kwa kumbukumbu ya waongozaji wawili waliomlea, Sergio Leone na Don Siegel.

Huko Wakaliga, mtaa wa Kampala, Isaac Nabwana, ambaye amesimulia kwamba utotoni alizifahamu filamu nyingi kwa kuhadithiwa na ndugu zake waliotoka kuzitazama, na ambaye huwataja Chuck Norris na Bud Spencer, yule jitu la filamu za kauboi za Kiitaliano za Trinity, miongoni mwa waliomvutia, alitoa mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa kwa bajeti inayotajwa kuwa chini ya dola 200. Silaha zake ni za vyuma chakavu na helikopta zake ni za kompyuta. Juu ya toleo lililosambaa duniani imewekwa sauti ya VJ Emmie, anayesimulia, anashangilia, anawataja majina wapiganaji na kuwahimiza watazamaji tangu mwanzo hadi mwisho, safari hii kwa Kiingereza, kwa ajili ya watu wa Marekani na Ulaya ambao hawajui Kiganda.